Gauni la Marehemu Mama Mkwe

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kumlaumu mtoto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tuliishi Kilungu, kwenye boma la wazazi wa mume wangu, na binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku hiyo nilimpeleka Malili kwenye mitumba achague nguo ya kanisani. Akachagua skati nyekundu ambayo hata mbuzi angeona haya kuivaa. Nikamwambia airudishe. Akaing'ang'ania, eti wenzake wote wanavaa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi siku hizo. Nilimzaba kofi mbele ya wachuuzi, kisha nikatamka maneno ninayoyajutia hadi leo.

"Si uvae kama susu yako? Si wewe ndiye umebeba jina lake? Vaa kama yeye basi, tupumue!"

Susu ndiye nyanya. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, na mama mkwe wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Tangu mtoto azaliwe, mume wangu alimwita "mwaitu", yaani mama, na ulikuwa mzaha mtamu wa nyumbani. "Mwaitu, umelowesha kitanda tena?" Tulicheka sana enzi hizo.

Jumapili iliyofuata ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nje nikisugua sufuria. Nikamwona mama mkwe akitoka katika nyumba yake, nyumba ambayo hakuna aliyelala ndani tangu tumzike. Amevaa lile gauni lake la kijivu, mikono mirefu, vifungo hadi shingoni. Kitambaa cheupe kichwani. Sufuria ilinitoka mkononi.

"Mama, nimevaa," akasema. "Sasa iko sawa?"

Marehemu alikuwa mfupi na mwembamba, lakini bado nilitarajia gauni liburute chini. Halikuburuta. Lilimkaa binti yangu kana kwamba fundi alimpima yeye. Nami ningesema nini? Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikamwambia twende, tumechelewa.

Kanisani, akina mama waliokuwa na kazi ya kukagua magoti ya mabinti mlangoni walimpokea kwa vigelegele. Nikamvuta mmoja kando nikamuuliza kama haoni nguo ile ni ya mtu mzima, tena mzee, tena aliyekufa.

"Asi! Wewe nawe," akanijibu. "Wengine wanalia watoto wao wanatembea uchi, wewe unalia wako amejifunika?"

Sheria za nguo fupi walikuwa nazo tele. Ya mtoto kuvaa uzee hawakuwa nayo, na mimi peke yangu singeweza kuitunga.

Basi akawa analivaa kila siku akitoka shule. Akaacha kuruka kamba na watoto wa jirani. Akaacha hata kukimbia, akawa anatembea polepole mkono mmoja kiunoni, na mgongo wa mtoto wa miaka kumi na mmoja hauna sababu ya kushikwa hivyo. Siku ya kwanza baba yake alicheka. Siku ya tatu alirudi kutoka shambani akamkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya marehemu, akavua kofia. Akasimama pale akamweleza habari za ng'ombe aliyekataa kula. Kisha akangoja jibu.

"Mpe chumvi," mtoto akasema.

Na mwanamume mzima, mwenye ndevu, akaenda kutafuta chumvi. Chumvi ndiyo iliyokuwa dawa ya mama mkwe kwa kila kitu, watu na mifugo. Ng'ombe akala.

Mwezi uliofuata alikuja mdogo wa marehemu kutoka Ikutha kututembelea. Alipomwona mtoto alimshika mikono yote miwili, akalia, akamwita dada. Wakaingia katika ile nyumba wakafunga mlango. Nilipeleka chai, nikaambiwa niiache nje. Nilikaa jikoni na hasira yangu hadi mgeni akaondoka, na sikuambiwa walizungumza nini.

Alasiri moja nilitoka mtoni na mtungi mgongoni. Nilipoingia jikoni, mtoto alikuwa amekalia kigoda akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa mtoni," akasema.

Ni maneno niliyoambiwa na mama mkwe kwa miaka kumi na miwili. "Nisamehe, mama," nikajibu, "maji yalikuwa machache." Nilikuwa nimeinama kabisa, macho chini, kabla sijakumbuka nani alimzaa nani.

Niliogopa. Niliogopa kwamba binti yangu alikuwa anaondoka kidogo kidogo na yule mzee anaingia, na nitabaki nikimtumikia mama mkwe mara ya pili huku mtoto wangu sijui yuko wapi. Nikautua mtungi.

"Vua hiyo nguo. Si ya umri wako."

Hakusogea. Nikapiga magoti mbele yake nikaanza kuvifungua vifungo mwenyewe, kuanzia shingoni. Kifungo cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu akanishika kidole, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

"Mama, usinivue. Nikivaa hii baba hanichapi."

Nikasimamisha mikono.

"Na wewe hunichapi," akaongeza.

Nikajaribu kukumbuka. Kabla ya Jumapili ile haikupita wiki bila baba yake kuuvua mkanda, au mimi kurusha kofi. Tangu Jumapili ile, hakuna. Mara moja nilikuwa nimeinua mkono kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, nikaona ukosi wa kijivu, nikaushusha. Sikujua kwamba ananitazama.

"Na ile habari ya chumvi," nikamuuliza, "nani alikuambia?"

Akarudi kuchambua mbaazi zake.

Nje nikasikia kikohozi cha mume wangu akifika kutoka Malili. Nilitaka kumwambia mtoto kwamba hatachapwa tena. Lakini singeweza kumwahidi kwa niaba ya baba yake, na nikisema kweli, hata kwa niaba yangu. Nikamfunga tena vifungo hadi shingoni, nikamkaza kitambaa kichwani kisije kikatoka.