Gari la Watu Kumi na Wanne

Katika miaka ishirini na tatu ya ndoa mke wangu ameniomba mambo machache sana, na karibu yote nimemtimizia, isipokuwa lile lililokuwa rahisi kuliko yote. Aliniomba tukae wawili.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ludewa, walikomhamishia miaka mitatu iliyopita. Mimi nafundisha sekondari hapa Njombe. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anapanda basi siku ya Ijumaa, anafika jioni amechoka, vumbi la njiani limemjaa hadi kwenye kope. Nyumbani anamkuta mama yangu, wapwa zangu wawili wanaosoma, na mgeni wa siku hiyo, maana nyumba yetu haikosi mgeni. Akimaliza kusalimia na kupokea habari za ukoo mzima, kumekucha Jumamosi, na Jumamosi ya huku ina wenyewe: kama si msiba, ni kikao cha harusi. Jumapili ni ibada, na baada ya ibada mnada wa mazao pale nje ya kanisa. Saa nane mchana yuko stendi. Mazungumzo yetu ya maana yalikuwa ya simu, naye akiwa amepanda kilima cha nyuma ya shule kutafuta mtandao.

Mimi kumfuata kule hakukusaidia, kwa sababu anaishi nyumba moja na walimu wenzake wawili. Gesti nayo, tuiache. Mwalimu akionekana anaingia gesti na mwanamke, hata kama ni mke wake wa ndoa, Jumatatu shule nzima inajua na kila mmoja ana lake la kuongeza.

Jumapili moja pale stendi, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, aligeuka akaniuliza, "Baba watoto, hivi mwaka huu tumekaa wawili tu siku gani?"

Nilifikiri. Basi likaondoka bado nafikiri.

Wazo la gari lilikuwa lake. Alikuwa amewaona wazungu wawili, mtu na mkewe, wazee kabisa, wameegesha kigari kando ya barabara ya kwenda Kitulo. Ndani wameweka godoro na pazia, nje wamewasha jiko dogo la gesi. "Wamekaa tu," aliniambia kwenye simu. "Hawana kazi yoyote. Wanaangalia maua, wanakunywa chai." Akasema tukipata gari la namna hiyo, mimi nitatoka Njombe Ijumaa mchana, nimpitie, tupande kule juu milimani ambako Ziwa Nyasa linaonekana, tupige kambi mpaka Jumapili. Huku kwetu kambi ni ya wapasua mbao au ya vijana wa kanisa. Mtu mwenye nyumba yake akilala nje kwenye baridi ya Juni, watu huuliza nani kamfukuza. Yeye hilo halikumsumbua hata kidogo.

Tulikuwa na shamba la miti tuliyoipanda alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, na ilikuwa imekomaa. Tukakubaliana ivunwe. Alitoa sharti moja tu: viti viwe viwili, vya mbele, na nyuma pabaki wazi. "Kikizidi kimoja," alisema, "hilo gari si letu tena."

Nilimwelewa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwelewa.

Sasa, gari huwezi kununua bila mtu anayelijua, na mimi ninachokijua kwenye gari ni usukani. Nikamwendea kaka yangu mkubwa. Ameendesha malori miaka thelathini, sasa amestaafu, anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Akaniuliza gari la kazi gani. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu sisi mwanamume hamwambii kaka yake mkubwa kwamba anataka kukaa na mkewe bila watu. Atafikiriwa ama mgonjwa, ama mchoyo, ama amekaliwa na mkewe. Nikasema, "La familia tu, kaka. La kutembelea."

Familia, kwa kaka yangu, huanzia kwa mama na kuishia kwa watu ambao hata sura zao sizijui.

Njombe tuliangalia mawili. La kwanza lilikuwa limebeba viazi mpaka sakafu imebonyea, na la pili lilikuwa na rangi mpya yenye kung'aa ambayo kaka aliikwaruza kwa ukucha, akacheka, tukaondoka. Akasema twende Makambako, kwenye njia panda, magari ya kutoka Dar na ya kutoka Mbeya yote hupumzika pale. Tukaondoka alfajiri, na alfajiri hiyo ilikuwa na sababu. Baridi ya huku ndiyo mkaguzi wa injini. Injini ya dizeli iliyochoka haiwaki asubuhi, kwa hiyo muuzaji mjanja huiwasha mapema, ukifika inaitika mara moja nawe unachekelea. Kaka halizunguki gari akipiga teke matairi kama nifanyavyo mimi. Anaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha pale, kama mama anayepima homa ya mtoto. Boneti ikiwa na joto, anaaga.

Gari la Makambako lilikuwa limebeba mikate maisha yake yote. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Likakohoa mara mbili, likawaka, likatulia. Viti viwili mbele. Nyuma bati safi, pana, limefungwa pande zote, na harufu ya mikate bado imo. Niliingia nikalala chali kwenye bati lile na suti yangu ya ualimu, nikapima kwa mwili: mimi hapa, yeye hapa, miguu inanyooka. Nilimwona kabisa amekaa mlangoni na kikombe chake.

Kaka alikuwa amesimama nje ananitazama. "Injini nzima," alisema. "Lakini gari gani hili la watu wawili, mdogo wangu? Tukifiwa, utambeba nani? Mama utamweka wapi?"

Ilitosha niseme neno moja. Nilitoka nikajipangusa suruali.

Akakumbuka kuna mzee mmoja wa kanisa kule Kitandililo anauza lake. Twende tuone tu, akasema, kuona hakununui. Tulipofika, mzee alitupokea kwa mikono miwili na salamu ya Kibena. "Kamwene! Karibuni ndani, gari halikimbii." Tukakaa. Habari za Njombe, habari za mvua, habari za maparachichi. Mara nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba, halafu akanyamaza. Nikajua nimekwisha. Kwetu mtu aliyekuchinjia kuku humwambii kwamba gari lake hulitaki. Waliokulia kwingine wanaweza kucheka. Mimi nilikula paja, nikaongezewa, na kila tonge lilipunguza maneno yangu.

Lilikuwa gari zuri, sitalisingizia. Boneti baridi, likawaka mara moja. Viti vya watu kumi na wanne, vimeshonwa vitambaa vya maua. Mzee alisema macho yake yamepungua nguvu, hawezi tena kuendesha, na kwamba gari lile limewapeleka watu wa kata nzima misibani na kuwarudisha salama. Hakuwa anatafuta bei, alikuwa anatafuta mtu. Kaka alinitazama kwa fahari, kana kwamba mtu huyo ni mimi. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba viti hufunguliwa kwa spana. Kabla hatujapewa kadi ya gari, mzee aliweka mkono juu ya usukani akaomba: Bwana, libariki, liendelee kuwabeba watu wako. Niliitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mke wangu nilimwambia kwenye simu kwamba gari limepatikana, kuna marekebisho madogo. Wiki ya kwanza lilibeba kwaya. Wiki ya pili, Ijumaa ambayo angekuja, nilimwita fundi nyumbani aanze kufungua viti. Alikuwa ameshatoa safu ya nyuma, kaka akapiga simu: amefariki mume wa shangazi yetu kule Ilembula, kesho tunazika, watu wanakutegemea. Fundi alinitazama. Nikamwambia avirudishe.

Mke wangu alifika jioni. Gari lilikuwa uani. Alisukuma mlango wa pembeni, akasimama.

"Viti vingi," alisema.

"Vinatoka," nikamjibu. "Ni suala la spana tu."

"Vitatoka, halafu vitarudi." Akaufunga mlango taratibu, akaingia kumsalimia mama.

Kesho yake kaka alikaa mbele pembeni yangu, mama na shangazi yetu mwingine nyuma yetu, kisha majirani na wanakwaya. Mke wangu alipanda wa mwisho, akakaa kiti cha mwisho kabisa dirishani, amepakata sufuria kubwa ya msiba. Njia nzima ya Ilembula nilimwona kwenye kioo. Hakununa. Ningefurahi kama angenuna. Alikuwa anaitikia nyimbo na wenzake, ameshika sufuria isigonge, abiria kama abiria wengine.

Wiki mbili zilizofuata hakuja. Alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mbili nyingine zikapita, mvua imeharibu barabara. Simu nazo zikawa fupi, sauti inakatikakatika, nikaelewa kwamba hapandi tena kile kilima. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata nilipofiwa na baba.

Siku moja kaka alikuja kuazima gari, akauliza tu, kwa wema wake, "Shemeji mbona haonekani siku hizi?"

Nikawaka. "Kwa sababu yako!" nilisema, na mara nikaona aibu, kwa sababu haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekula kuku. Tulikuwa uani, mama anachambua maharage hatua chache kutoka pale, na sikujali tena nani anasikia. Nikamwambia yote: stendi, wazungu wa Kitulo, viti viwili, gari la mikate. "Nilitaka kukaa na mke wangu, kaka. Sisi wawili, bila mtu. Basi."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Kaka alikaa kwenye kizingiti cha gari, mlangoni.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Ungeniambia palepale Makambako. Ulivyolala mle ndani nilidhani unapima magunia."

Akashika mguu wa kiti cha karibu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Shemeji yako alipanda lori langu mara moja. Siku tuliyomtoa hospitali kwenda kumzika."

Aliinuka akaenda kwenye baiskeli yake, akarudi na spana. Nati zilikuwa na kutu, akawa anazigonga kwa nyundo na kuzitukana kwa Kibena, mpaka mama akamwambia apunguze. Tulivitoa viti vyote vya nyuma siku hiyo hiyo, tukavibeba mpaka kwenye ghala lake. Nikamuuliza watu wakifiwa tutawaambiaje. "Watapanda basi," alisema. "Kwani kabla ya hapo walikuwa wanaruka?"

Ijumaa nilitoka kazini mchana nikaelekea Ludewa, godoro nyuma, jiko la gesi, mablanketi manne. Sikumpigia simu. Niliegesha nje ya shule nikasubiri kengele. Alitoka na mfuko wa madaftari, akaliona gari, akaja polepole. Alisukuma mlango wa pembeni. Aliangalia godoro, akaangalia matundu ya nati sakafuni, akayahesabu, nadhani, maana alichelewa. Kisha akaja akakaa mbele, mfuko mapajani. Nikawasha gari, tukaanza kupanda.

"Viti viko wapi?" aliuliza baada ya kona ya pili.

"Kwa kaka."

"Kaka amekubali?"

"Amevitoa mwenyewe."

Akageuka kunitazama. "Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi? Sema ulivyosema."

Nikashika usukani kwa nguvu. "Nilimwambia nataka kukaa na mke wangu. Sisi wawili, bila mtu."

"Ulimwambia hivyo kaka. Mama akiwepo?"

"Akiwepo."

Niliona midomo yake inatetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio, na labda hata yeye hakujua.

"Mimi," alisema, "hujawahi kuniambia."

Nilisogeza gari pembeni nikazima injini. Nikamgeukia mke wangu wa miaka ishirini na tatu, na sikujua nianzie wapi.