Bunduki Nyepesi Aliyompa Shemeji

Fundi alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika ghala la bunduki la askari wa wanyamapori, chumba chenye dirisha moja na harufu ya mafuta. Yeye ndiye aliyemchagulia kila askari bunduki yake. Nyati hataki mzaha, alikuwa akisema; mfupa wa bega lake ni mgumu, unataka risasi nene na nzito. Lakini anayeogopa teke la bunduki asipewe kubwa, maana atafumba macho. Huyo apewe nyepesi, na jina lake lifutwe kwenye ubao wa wanaoitwa kwa nyati.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, naye askari, alifumba macho mara tatu kwenye uwanja wa shabaha. Bega likavimba.

"Shemeji, hii si bunduki, ni punda," akasema akijisugua. "Nipe ile ya swala. Au unataka dada yako anikande kila jioni?"

"Si ndiyo maana ulioa?"

Wakacheka. Fundi akampa ile nyepesi, ila jina hakulifuta. Aliona haya kumwaibisha mbele ya wenzake.

Juma lile nyati aliyejeruhiwa akaingia mashambani. Shemeji akaitwa, kwa kuwa jina lilikuwepo. Alilenga sawasawa, wenzake ni mashahidi. Risasi ikagota mfupa, haikufika moyoni. Nyati hakuanguka. Aliyeanguka ni yeye, Mungu amrehemu.

Msibani watu walisema ni kudra, na dada mtu akaitikia. Fundi alinyamaza. Akisema, huenda akampoteza na dada pia. Wiki ya tatu akamfuata jikoni, akamkuta anachambua mchele.

"Mdogo wangu, bunduki ile nilimpa mimi. Nilijua haimwezi nyati, na jina sikulifuta."

Mikono ya dada ikasimama ndani ya ungo.

"Ulijua, kaka?"

"Nilijua."

"Siku ile alirudi anacheka. Akaniambia, kaka yako ananipenda, kanisitiri." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Nenda, kaka. Nitakuita mwenyewe."

Mwaka unakatika, hajaitwa. Siku za ibada, baada ya Amina, Fundi husimama kidogo mlangoni, labda leo. Dada humwamkia kwa adabu, kama anavyowaamkia wazee wote, akapita.