Kipoyi cha Kambo

Risasi zilipoanza kulia Elisabethville, kama ulivyoitwa mji wetu wa Lubumbashi siku zile Katanga ilipojitenga, baba alibaki na kazi yake ya reli. Mama, mdogo wangu na mimi tulikwenda kijijini kwa bibi yangu mzaa mama, upande wa Lukafu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi.

Bibi tulimwita Kambo. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu mvua zilizopita, akawa anashinda kitandani amegeukia ukuta. Ukimsalimu alijibu, basi. Mama alijificha jikoni kulia, kwa sababu alimjua mama yake kama mwanamke aliyelima shamba kubwa kuliko wanaume wengi pale.

Ndege za vita, ndeke kama tulivyoziita, zilipita juu mara kwa mara. Zikisikika tu, kijiji kizima kilikimbilia kwenye mihogo, watoto wachanga mgongoni, sufuria zikiungulia motoni. Kambo alikuwa mzito, hakuna aliyeweza kumbeba mbio, kwa hiyo aliachwa. Siku moja tuliporudi nilimkuta macho mekundu kwa kulia.

"Kambo, uliogopa ndeke?"

"Ndeke siogope," alisema. "Naogopa miguu yenu. Naisikia yote inaenda, kisha kimya. Nawaza pengine hamutarudia."

Nilikwenda kumwambia mdogo wangu na watoto wa mjomba wangu wa pale kijijini: ndege ikija tena, sisi tunakimbilia kwa Kambo. Hakuna aliyebisha.

Ikaja mchana, watu wakipepeta unga. Watu wazima walikwenda huku, sisi tukaenda kule. Tulijazana kitandani kwa Kambo, mwingine akashika mkono wake, mwingine kichwa, na ngurumo ilipokaribia tukaanza kuimba kwa nguvu wimbo wetu wa kuruka kamba. Nilikuwa naogopa, nikazidi kupaza sauti. Mara Kambo akageuka kutoka ukutani.

"Hapana vile! Munauharibu!"

Akatuimbia alivyouimba yeye utotoni. Ndege ilikwisha kupita zamani, na sisi bado tunajifunza.

Kule shambani mama alikuwa ametuhesabu akatukosa. Aliingia akihema, mjomba nyuma yake.

"Munataka kufa? Sababu gani mulibakia?"

"Na Kambo tumuache na nani?" nikauliza.

Mama alikaa chini palepale. Mjomba alimtazama Kambo, mama yake, aliyekuwa bado ananishika mkono, akatoka nje. Kesho yake alikata miti, akasuka kamba, akatengeneza kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani ambacho zamani Wazungu walibebwa nacho na baba zetu.

Ndege iliyofuata, wanaume wanne walimnyanyua Kambo na sisi watoto tukakimbia pembeni tukiimba. Alikaa wima kama chifu.

"Polepole! Mi siko gunia ya mihogo!"

Hata mama alicheka, katikati ya mbio zile.

Kijiji kile hakikupigwa. Vita vilikwisha, tukarudi mjini kwa baba, lakini Kambo aliendelea kubebwa Jumapili kwenda kanisani, na siku za kazi shambani, akawagombeze wanaolima vibaya. Tulipokwenda kumtembelea, aliwaita majirani watuone.

"Aba bajukulu bangu," aliwaambia, "njo balinitosha mu ile nyumba." Yaani sisi wajukuu zake ndio tuliomtoa ndani ya nyumba ile.

Nilisimama mbele yao bila kuinamisha kichwa, nikaacha wanitazame.