Krimu ya Mektrida

Mektrida wa Kilema alikuwa na mdomo, jamani! Miaka ile maduka ya Moshi yalipofurika vipodozi vya kila nchi, na wanawake wakababuka nyuso kwa mkorogo, yeye alisimama sokoni Kiboriloni na krimu yake ya parachichi na siagi, akipaza sauti: "Njooni! Hii haina kemikali hata chembe!"

Na mwanzoni ilikuwa nayo. Mwenye duka la dawa mjini alimpa unga mweupe wa kuzuia krimu isioze, akamwonya: "Mama, ukishatia maji humu, bila huu unga wadudu wataingia, hata kama huwaoni." Krimu ikakaa vizuri tu. Lakini wateja walipozidi kumuuliza kama kweli haina kemikali, uongo ukamsuta, akautupa ule unga. Alijiambia kwamba siagi ya mama yake ilikaa kibuyuni na haikumdhuru mtu. Akasahau kwamba mama yake hakuichanganya na maji ya mfongo, mfereji unaopita kila zizi mlimani.

Kopo moja alimpa Eliaichi, binti wa rafiki yake tangu kipaimara, Bernadetha, ajipake akisubiri harusi. Baada ya siku chache binti akaja kusema inanuka.

"We naye! Ndiyo harufu ya kitu cha asili," Mektrida akacheka. "Paka tu."

Kicheko kile angekimeza kama angeweza. Krimu ilimwingia Eliaichi jicho moja, likavimba na kutoa usaha, na hospitali ilipofanya yote iliyoweza, likabaki na ukungu mweupe, halioni. Upande wa bwana harusi wakaanza kuahirisha, mwisho wakanyamaza.

Mektrida aliiacha meza yake sokoni. Akachuma isale, jani la kuombea msamaha ambalo Mchagga halikatai, akampelekea Bernadetha kwa mikono miwili huku akilia. Bernadetha akalipokea. "Yameisha, dada," akasema, akamkaribisha mbege, pombe yao ya ndizi.

Eliaichi akatoka jikoni. "Shikamoo, mama," akamwamkia Mektrida. Akanyoosha mkono kupokea kata ya mbege kwa mama yake ampe mgeni, ukapita pembeni; jicho moja halipimi umbali. Akajaribu tena, ukapita. Mama yake akaushika, akauelekeza.

Mektrida akalitazama lile jani mapajani mwa rafiki yake. Mungu amsamehe, alitamani wangelikataa.