Nguo Nyekundu Nje ya Dirisha la Nyambizi

Siku yangu ya kwanza ndani ya nyambizi niligonga kichwa mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Nyambizi ya watalii haikujengwa kwa watu warefu, na mimi, Mwanaidi binti Salimu wa Ngamiani, Tanga, Mungu alinipa urefu bila kuniuliza. Mara ya tatu nahodha alinirushia kofia ngumu. "Vaa," alisema. "Chuma ni cha bustani, kichwa ni chako."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika bustani ya starehe nje kidogo ya Guangzhou. Nilikuwa nimemaliza chuo huko, na kupiga picha nilikujua tangu studio ya baba. Bustani ilikuwa na bwawa kubwa la maji ya chumvi, na humo nyambizi ya betri ikiwashusha watu ishirini mita nane chini wakatazame samaki. Kwanza walinipanga getini, nipige picha wageni wanaoingia. Kisha nikawa chini ya Mkuu wa Maabara, mzee aliyenuka dawa ya kusafishia picha hata siku za mapumziko. Mwaka wa pili ndipo wakanipeleka majini, nikaandika barua nyumbani kujisifu.

Ninyi mnaopiga picha mia kwa simu kabla chai haijapoa, nivumilieni kidogo. Kupiga picha kupitia dirisha la nyambizi ni kazi ya ubishi. Ukiwasha flashi, mwanga unagonga kioo na kukurudia, unapata picha ya flashi yako mwenyewe. Basi flashi tuliizima, tukatumia filamu ya kasi, ile isiyodai mwanga mwingi. Lenzi tuliivika mpira mweusi na kuigandamiza kwenye kioo. Adui mwingine ni uakisi wa kioo: shati jeupe la mgeni nyuma yako hujichora humo kama bango. Hapo buibui langu lilinifaa, maana nilijitanda nalo mimi na kamera, giza likatimia. Mkuu wa Maabara alinisifu mbele ya wenzangu kwa kununua sare kwa fedha yangu.

Nje ya dirisha, kila safari, alikuwapo Mei. Huyu alikuwa mzamiaji wetu: anashuka na mtungi wa hewa mgongoni na kapu la majani ya saladi, na samaki wanamfuata popote. Aliniita dada mkubwa. Alikuwa amechumbiwa na fundi wa betri, na harusi ilikuwa imebakiza wiki moja, lakini moyo wake haukutulia. Bibi yake kijijini, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa amekataa kuja. Alisema msichana anayekula kwa kazi ya kuzama, ipo siku hataibuka, na yeye haendi kusherehekea msiba unaosubiri zamu.

"Nipige picha nikiwa majini na nguo yangu ya harusi," Mei aliniambia. Huko bibi harusi huvaa nyekundu, rangi ya heri. "Kaka yangu anaondoka Jumamosi kumfuata bibi. Akiniona ninavyofurahi humo, atakuja. Lakini dada, nyekundu itatoka?"

"Itawaka," nilimwambia. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu kila siku nilimwona chini kule na kofia yake nyekundu.

Jumatano tukapiga, mita nane. Picha ilipotoka mashineni, ingali na joto, Mkuu wa Maabara aliitazama, akailaza kifudifudi mezani. "Aida," alisema, kwani Mwanaidi lilimshinda, "hii ni picha ya mtu aliyezama."

Kweli tupu. Nguo ilikuwa nyeusi, uso wa kijivu, nywele zinaelea. Maji hunywa rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Ukishuka mita chache tu, imekwisha. Mimi nilikuwa nikiiona kwa sababu jicho linajua kofia ni nyekundu na linajijazia lenyewe. Filamu haijui kitu. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma chuoni, nikafaulu mtihani wake, nikalisahau.

Mei hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Bibi akiiona hii, ndiyo basi," akafuta macho kwa kiganja. Niliona haya; hadi leo nikikumbuka, uso unanichoma.

Dawa niliijua: tupige juu kabisa, maji yanapoanza, jua likiwa utosini. Nyambizi ikiwa imefungwa gatini, madirisha yake tayari yako chini ya maji kwa kiasi cha mkono mmoja. Shida ilikuwa laoban, bosi wetu mkubwa, ambaye nyambizi yake haikuguswa bila tiketi. Alhamisi nikaenda mtaa wa Xiaobei kwa Mjomba Seif, mfanyabiashara wa viatu, nikamkuta anakula wali.

"Atasema meiyou," nikamwambia. Meiyou ni "hakuna", neno la kwanza kila mgeni analojifunza mjini mle.

"Na aseme! Wewe mtoto, umekaa mji huu miaka yote hujajua kununua? Meiyou ni salamu. Mimi oda ya kontena zima nimeanza na meiyou. Omba kikubwa, punguza, punguza tena, halafu mpe mgongo uondoke. Akikuita, umempata."

"Asipoita?"

"Tembea polepole."

Ijumaa asubuhi nikasimama mbele ya laoban. Nikaomba safari nzima bila wageni.

"Meiyou!"

Nusu safari.

"Meiyou! Betri utajaza wewe?"

"Basi dakika kumi, gatini, saa sita, wageni wakiwa chakulani. Betri haitaguswa."

Akarudi kwenye hesabu zake. Nikampa mgongo. Nilifika mlangoni, kimya. Nikashuka ngazi moja moja kama mzee wa goti, kimya, nikaanza kumlaani Mjomba. Nilikuwa uani dirisha lilipofunguka juu. "Aida! Dakika nane!"

Saa sita Mei akaingia majini. Gatini hapakuwa na samaki, ukuta wa saruji tu, lakini alipokung'uta kapu lake walipanda wote kutoka chini, wakubwa kwa wadogo, na walipomaliza saladi wakaanza kuyatafuna maua ya nyuzi kwenye mikono ya nguo. Alicheka hadi akatema mpira wa kuvutia hewa. Nikabonyeza. Picha ilitoka nyekundu kama pilipili, na Mkuu wa Maabara akabandika nakala yake ukutani.

Jumamosi kaka yake Mei akaondoka na picha ile, na bibi akafika siku moja kabla ya harusi. Hakutaka chai wala kiti; alitaka kuonyeshwa maji. Laoban mwenyewe alimshika mkono hadi ndani ya nyambizi, bila tiketi, na tukashuka pamoja na wageni. Mei alikuja dirishani katika nguo zake za kazi. Bibi akabandika kiganja kwenye kioo, Mei akabandika chake upande wa pili, na bikizee akaanza kusema na kioo, anafoka, anacheka, anafoka tena, pumzi yake ikakitia ukungu asimwone mjukuu. Nikakifuta kwa mkono wa buibui. Akakitia ukungu tena. Nikafuta.

"Piga, Aida!" laoban akaninong'oneza. "Hiyo ndiyo picha!"

Mkono wangu mmoja ulikuwa ukifuta, wa pili bibi alikuwa ameukamata asianguke. Sikupiga.

Tuliporudi gatini wageni walitoka. Bibi hakuinuka. Nahodha, asiyejua kilugha cha bibi, akamuuliza fundi wa betri, mkwe mtarajiwa aliyeshuka nasi, bibi anasema nini.

"Anasema hajamaliza."

Sote tukamtazama laoban. Akatazama saa yake, akaitazama foleni ya wageni juani, akamgeukia nahodha. "Shuka tena."

Sasa nimestaafu. Niliendesha studio Tanga baada ya hapo, picha za pasipoti na za maarusi, hadi macho yaliponigomea na binti yangu akashika kazi. Vijana wanaokuja kujifunza husikia habari za bibi yule, na kila mmoja hudai nimwonyeshe picha ya viganja viwili. Nikisema sina, hunionea huruma, eti nilikosa picha ya maisha. Hawajui kwamba safari ile ya pili tulishuka wanne tu, bibi, nahodha, fundi na mimi, na kamera niliiacha juu, kwenye kiti cha gatini, ili nifute kwa mikono miwili.