Karatasi Iliyosubiriwa Wiki Tisa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya benki mjini Busia, nilipokea ujumbe kwamba wakala mmoja wa forodha wa Malaba, mwanamke ambaye baadhi yenu mmewahi kumkabidhi mizigo yenu, amefariki nyumbani kwao Amukura. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Saratani ilianzia kwenye mfupa, juu kidogo ya goti la kushoto, ikaishia mapafuni. Nilitoka kwenye foleni bila kuhudumiwa. Nimewaandikia kuhusu vifo vingi katika safu hii, lakini hiki ni cha kwanza ambacho mkono wangu umo ndani yake.

Nilimfahamu miaka sita iliyopita, siku niliyomkuta akibishana na dereva wa trela kwenye maegesho ya Malaba. Dereva alitaka kusogea mpakani kabla mzigo haujaidhinishwa.

"Dada, nimebeba sabuni, si bunduki."

"Sabuni bila karatasi ni bunduki, boss."

"Siku tatu niko hapa. Bibi yangu anafikiria nimeoa huku."

"Basi oa, usikae bure. Gari haisogei."

Madereva wenzake walicheka, wakala naye akacheka pamoja nao, lakini ufunguo wa trela ulikuwa mkononi mwake na ulibaki humo mpaka idhini ilipotoka alasiri. Baadaye alinieleza kwamba alipokuwa mgeni kazini aliwahi kuruhusu lori liondoke kwa neno la mdomo tu, kwamba karatasi "inakuja", na lori likazuiliwa upande wa Uganda hadi matunda yakaoza. Tangu hapo hakusogeza kitu bila karatasi. Kwa kazi yake ulikuwa msimamo sahihi, na wafanyabiashara walimwamini kwa ajili hiyo.

Mwaka jana alianza kuchechemea. Alidhani ni pikipiki iliyomgonga kidogo, akapaka dawa ya kuchua kwa miezi miwili. Hospitali ya rufaa ilipotoa kipande cha mfupa na kukipima, jibu lilikuwa saratani. Daktari wa upasuaji alimwambia aanze dawa za mshipani wiki ileile, kisha mguu ukatwe juu ya goti. Aliniletea habari hizo kwenye kibanda cha chai, akaniuliza nafikiri nini. Mimi si daktari. Biolojia nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na makala ninazochapishiwa kwenye duka la fotokopi, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana udhaifu mmoja: akiulizwa swali, huona aibu kunyamaza. Nikamweleza kwamba kila seli ina jeni zilezile, lakini si zote zinazofanya kazi. Nyingine zimeamka, nyingine zimelala. Watafiti, nikamwambia, hupima ni zipi zilizoamka ndani ya uvimbe wa mfupa, ili wakadirie kama utabaki pale ulipo au utasambaa.

"Kwa hivyo hiyo test inasema nini, mzee? Wewe unasomanga sana, niambie."

"Inasema kama ugonjwa wako ni wa kutembea ama wa kukimbia."

"Na ikisema ni wa kukimbia, watanitibu tofauti?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Kuna kipimo kinachomwonyesha daktari dawa ya kutumia, na kuna kipimo kinachokadiria tu mgonjwa ataishia wapi. Hiki kilikuwa cha aina ya pili, tena bado cha watafiti zaidi kuliko cha wagonjwa. Tofauti hiyo niliijua siku ile kama ninavyoijua leo.

"Angalau utajua," nikasema.

Alikoroga chai yake. "Mguu ukishakatwa haurudi. Wacha karatasi itoke kwanza."

Nilimsaidia kutafuta maabara binafsi, akalipa ada, nayo ikapeleka kipande cha mfupa wake nje ya nchi. Daktari alimpigia simu mara mbili. Mara zote mbili alijibu kwamba anangoja majibu. Wiki ya tisa karatasi ilitoka. Ilisema sampuli haisomeki. Mfupa ni mgumu kukatwa vipande vyembamba vya kuangaliwa kwa hadubini, kwa hiyo fundi wa maabara ya hospitali alikuwa ameulainisha kwa tindikali, kama inavyofanywa kila siku. Tindikali haiharibu sura ya seli, ndiyo maana saratani ilionekana, lakini huharibu ujumbe wa jeni. Fundi hakukosea, hakuna aliyemwambia abakize kipande kisichotiwa tindikali. Mimi niliyejigamba kwa kusoma sikuwa nimefika ukurasa huo. Wiki hiyohiyo picha ya kifua ilionyesha madoa mapafuni.

Siwezi kuthibitisha kwamba wiki tisa ndizo zilizomuua. Huenda ugonjwa ulishasambaa tangu mwanzo. Ninachojua ni kwamba alikuwa na nafasi, na kwamba aliitumia kungoja. Wahenga walituachia haraka haraka haina baraka, wakatuachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo, bila kutuambia ipi ni ya siku gani. Sisi wa mpakani tumelelewa na muhuri. Tunaheshimu karatasi kuliko anayeishika, na sasa sayansi inatujia nayo kama karatasi nyingine, ikiletwa na watu kama mimi wanaopenda kuonekana wanajua.

Kwenye mazishi kaka yake alinisalimu kwa mkono. "Wewe ndiye ule mzee wa vitabu?" Nikakubali. Akasema, "Sawa," akaenda kupanga viti.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kuhusu kipimo kipya, uliza swali alilouliza yeye: majibu yakitoka, matibabu yatabadilika? Anayekujibu kwa jambo lingine, kama nilivyofanya, usimngoje. Anza dawa. Jana kaka yake alinipigia simu kuuliza kuhusu pesa zilizoingia kutoka maabara. Nilimweleza kwamba sampuli isiposomeka, ada hurudishwa, hukatwa gharama ya usafirishaji pekee. Katika wiki zile tisa, zilizookolewa ni hizo tu: shilingi elfu sitini na tisa na mia nne.