Kikombe Kilichoonjwa

Tarehe 9 Machi 2024, Ngungu. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na ukungu haukuondoka.

Kavugho alifungua duka lake, akakaa nyuma ya magunia ya chumvi. Magari hayakupita tena. Vita vilikuwa vimefunga njia ya Goma, ambako mumewe Symphorien, dereva wa zamani, alitakiwa kurudi kupimwa ini. Homa ya ini ilikuwa imemwachia makovu, na pombe ya miaka mingi ikayazidisha.

Daktari alikuwa amemweleza Kavugho polepole. Chembe za mwili hula takataka zake zenyewe; kazi hiyo ikiharibika, ini linaweza kuzidi kuwa gumu. Wataalamu wanajaribu vitu vya mimea, hata vya mzizi wa manjano, waone kama vitairekebisha. Kwa panya kuna matumaini, kwa watu bado haijulikani. "Tia kidogo kwenye chakula, lakini usiite dawa. Na pombe asiguse, hata tone." Basi alitia manjano kwenye maharagwe, na wateja waliouliza aliwaambia ni kiungo tu.

Mchana akaingia Archange, rafiki wa Symphorien, aliyetembea toka Itebero hadi miguu ikavimba. Alileta kidumu cha dawa, magome machungu ya msitu wa kwao, yaliyolowekwa kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Akamimina kikombe, akaonja kwanza ili ionekane hakuna sumu, akamnyooshea Symphorien, aliyekuwa amekaa kando ya mkewe. Huku kwetu kikombe kilichoonjwa hakikataliwi.

Kavugho akakizuia.

"Mama Kavugho, nimeonja mbele yenu. Unaniona muchawi?"

"Hapana, Papa Archange. Sumu haiko. Lakini wewe uko na maini muzima, yeye hana."

"Mimi niko gari ya zamani," Symphorien akasema, mkono aliounyoosha kukipokea bado hewani. "Muniachie hata harufu."

"Harufu tu, njo hiyo umepata."

Archange alitazama miguu yake. "Njia yote ile," akasema.

Kavugho hakuwa mtu wa pombe. Alichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote, uchungu ukamtoa machozi. "Aksanti. Zawadi yako imepokelewa mu hii nyumba."

Hakuna aliyemimina tena.

Kesho yake asubuhi, kichwa kikimgonga, alimsindikiza Archange hadi darajani, akimbebea chumvi. Hapo Archange aliipokea chumvi, akavuka. Kavugho akarudi, akabandika maharagwe.